Choo cha chumba cha chini Mikindani: shimo lililoingiliwa na bahari

Nilipofika kwenye nyumba hii ya Mikindani, Mtwara, katikati ya Septemba, shimo uani lilikuwa limeshafika kimo cha mtu. Fundi alikuwa amekaa ukingoni, koleo limelala pembeni. Siku mbili mfululizo alikuta maji chini ya shimo saa 12 asubuhi, yenye kina cha shubiri moja hivi, na ikifika saa 5 yalikuwa yameondoka, yamebaki matope. Alikuwa ameshafunga koki kuu akidhani bomba la maji safi linavuja mahali. Mjukuu wa mwenye nyumba yeye alishuku karo la maji taka la jirani.

Niliomba ndoo na kipande cha sabuni ya kufulia. Tukasubiri hadi jioni, maji yakarudi, tukateka kidogo. Sabuni ilisuguliwa mpaka vidole vikachoka bila kutoa povu, ikabaki utando mweupe tu, kama inavyofanya kwenye maji ya chumvi. Nikauliza mwezi umeandama lini. Juzi, wakaniambia.

Basi ilikuwa bamvua, zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida. Pwani yetu hii, siku za bamvua maji hujaa karibu na alfajiri na tena alasiri, na hupwa kabisa kabla ya adhuhuri. Fundi alikuwa akiyaona yale yale yanayotokea ufukweni, ila kwa kuchelewa kidogo, kwa sababu yalipitia ardhini. Nyumba iko mita 90 hivi kutoka ufukweni, na chini ya udongo wa juu kuna mwamba wa matumbawe wenye nyufa na matundu. Mwamba wa aina hiyo hauzuii maji. Bahari ikipanda, maji yaliyomo ndani yake hupanda pia.

Shimo hilo lilikuwa liwe karo la choo kipya, lenye kina cha mita 3, kuta za tofali, chini wazi ili maji taka yanywewe na ardhi. Lingemalizika wiki ile, mara mbili kwa siku bahari ingeingia ndani yake na kutoka na kila kilichomo. Na kisima ambacho nyumba tano za mtaa huo hukitegemea bomba likikauka kiko mita 14 nje ya ukuta wa ua. Nimekiandika kisa hiki kirefu kwa sababu ya kisima hicho.

Nyumba na aliyeihitaji

Nyumba imejengwa kwenye mteremko. Upande wa juu, unakotazama barabara ya mtaa, ukiingia mlangoni unaingia sebuleni. Upande wa chini, unaotazama ghuba, kuna chumba kimoja kikubwa kilichochimbwa kwenye kilima: ukuta wa nyuma umezikwa ardhini wote, kuta za pembeni zimezikwa nusu, na wa mbele una mlango na dirisha. Mjukuu anakiita besimenti. Bibi mwenye nyumba anakiita "chini" tu. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kazi ya zamani. Zamani paliwekwa nazi na chumvi, baadaye vitu vya ndani visivyotumika.

Sasa ndimo anamolala bibi. Ana umri unaozidi miaka 70 na magoti yamemchosha. Ngazi za kutoka chini hadi kwenye choo cha juu ni 14, nje ya nyumba, hazina paa. Watoto wake walikuwa wameshamshauri ahamie chumba cha juu. Alikataa, na nilipomwamkia na kumuuliza sababu alinijibu kwa upole: "Mwanangu, huku juu nani atanipitia?" Mlango wa chini unatazama njia ya watu waendao pwani. Hapo barazani anasuka ukili, anasalimiwa, anapewa samaki, anapata habari za nani kafiwa na nani kajifungua. Kumhamishia juu kungemkatia yote hayo.

Ninayasema haya mapema kwa makusudi. Mafundi wengi, na mimi nimo, tunaanza na bomba. Hapa jibu rahisi kuliko yote lilikuwa kumhamisha mtu, lisingehitaji hata tofali moja, na lingekuwa kosa. Usiku alikuwa akitumia ndoo, asubuhi mjukuu wa kike anaipandisha juu kuimwaga. Mtu aliyelea watoto sita hakupaswa kuona haya namna hiyo ndani ya nyumba yake.

Kilichokosewa mwanzoni

Mjukuu alikuwa ametazama video za Marekani za watu wanaoongeza bafu kwenye besimenti. Wanavunja sakafu, wanaunganisha bomba, wanafukia, wanapanga marumaru. Alimwonyesha fundi, fundi akaona ni kazi ya kawaida.

Kuna jambo video zile hazisemi kwa sauti kubwa. Nchi za baridi kali misingi huchimbwa chini ya kina ambacho ardhi huganda, na ndiyo sababu moja nyumba nyingi huko zina besimenti: ukishachimba kiasi hicho, umebakiza kidogo kupata chumba. Katika baadhi ya nyumba hizo mjenzi ameacha bomba la inchi 3 au 4 chini ya sakafu, mdomo umefunikwa, likisubiri choo cha baadaye, na bomba hilo linateremka lenyewe hadi kwenye mfereji wa jiji. Pale ambapo mfereji wa jiji uko juu kuliko sakafu ya besimenti, hata hao hawavunji sakafu na kuomba Mungu. Wanaweka tanki dogo lililofungwa na pampu ya kupandisha maji taka.

Kwa hiyo swali la kwanza la choo cha chini ni moja: maji taka yataelekea wapi, na je, huko ni chini au juu ya sakafu hii? Hapa hakuna aliyelipima. Walijua choo kitakaa pembe ipi na marumaru yatakuwa ya rangi gani.

Tulipima kwa mpira wa levo, ule mpira mwangavu uliojazwa maji ambao kila fundi mwashi anao. Ni kifaa ninachokiamini kuliko macho ya mtu yeyote, pamoja na yangu, maana kwenye mteremko macho hudanganyika. Mjukuu alishika ncha moja juu kwenye chemba, kile kisanduku cha kukagulia bomba la maji taka, mimi nikashika nyingine chini. Tukichukua jamvi, yaani sakafu, la chumba cha chini kuwa sifuri, bomba linaloingia kwenye karo la zamani, lililoko upande wa barabara, lipo mita 2 juu. Uani, mbele ya mlango wa bibi, ardhi iko sentimita 20 chini ya jamvi. Maji ya bamvua yalisimama mita 1.60 chini ya ardhi ya uani.

Namba hizo tatu zilitosha kuandika upya mpango mzima. Karo la zamani haliwezi kupokea maji ya chini kwa kuteremka, kwa sababu hakuna maji yanayopanda mita 2 yenyewe. Na karo jipya uani halina mahali pa kukaa: ardhi inayonywa maji taka inahitaji kuwa kavu, walau mita moja na zaidi kati ya chini ya shimo na maji ya ardhini, ili udongo upate nafasi ya kuchuja. Hapa ukichimba shimo la maana, umeshafika baharini. Hata kama ardhi ingekuwa kavu, mita 14 kutoka ukutani hadi kisimani ni chache mno. Kipimo tunachofundishwa ni mita 30 kati ya karo na chanzo cha maji, na kwenye mwamba wenye nyufa hata hizo 30 si za kujivunia.

Jambo jingine fundi alikuwa amelianza ambalo lilinitia hofu kuliko maji. Mtaro wa bomba ndani ya chumba ulikuwa umechorwa kwa chaki sambamba na ukuta wa nyuma, sentimita 30 tu kutoka ukutani, kina nusu mita. Ukuta huo ndio unaozuia kilima. Msingi wa nyumba hizi za mawe mara nyingi ni mfupi, na ukichimba kando yake chini ya kina chake, umeuondolea kinachoushika mguuni. Kiangazi ungesimama. Mvua za Desemba zingeanza, udongo wa nyuma ungeloa na kuwa mzito, na bibi angekuwa amelala humo. Nilimwomba fundi afute mstari ule siku hiyo hiyo. Hakubisha. Alisema hakuna aliyewahi kumweleza kwamba ukuta wa chini na ukuta wa juu hazifanani kazi.

Njia tulizozipima

Ya kwanza ilikuwa tanki lililozibwa uani, lisilovujisha chochote, likijaa linyonywe na gari la maji taka. Mtu mmoja anatumia maji kidogo, kwa hiyo tanki la lita 3,000 lingechukua mwezi mmoja hadi miwili kujaa. Lilinivutia. Lakini gari linasimama barabarani, juu, na mpira ungepaswa kuzunguka nyumba nzima. Tena tanki tupu lililozikwa penye maji ya bamvua huelea. Hesabu yake ni nyepesi: lita 3,000 za nafasi tupu zikizama zote zinasukumwa juu kwa nguvu ya tani 3. Miaka ya nyuma nilisimamia kazi moja ambapo tanki lililofukiwa vizuri, bila kufungwa kwa zege, lilinyanyuka usiku mmoja wa mvua na kukata mabomba yote mawili. Kosa lilikuwa langu. Familia ile ilikaa wiki tatu bila choo, na sijaacha kuifikiria.

Ya pili ilikuwa mashine ndogo inayokaa nyuma ya choo, inayosaga na kusukuma kwa bomba jembamba. Ni safi, haihitaji kuvunja sakafu. Nilipoichunguza zaidi nikaona tatizo la bafu: maji ya kuogea lazima yaingie kwenye mashine kwa kuteremka, na mashine imekaa juu ya sakafu, kwa hiyo sakafu ya bafu ingeinuliwa kuwa kama jukwaa. Tumjengee mtu mwenye magoti mabovu choo, kisha tumwekee ngazi ya kupanda kuoga? Tukaiacha hapo.

Ya tatu, ndiyo tuliyoichukua: bomba la kawaida la inchi 4 chini ya sakafu, linateremka hadi kwenye tanki dogo lililozikwa nje karibu na mlango, na pampu ya maji taka ndani yake inayopandisha hadi kwenye chemba ya karo la zamani.

Kabla ya kuamua tulifungua karo la zamani. Liko zaidi ya mita 30 kutoka kisimani, lina vyumba viwili, lakini tope lilikuwa limepita theluthi ya kina cha chumba cha kwanza. Kuliongezea maji mengine likiwa hivyo ni kusukuma uchafu uende kwenye shimo la kunyonya na kuliziba. Lilinyonywa kwanza. Mjukuu alipeleka mchoro kwa ofisi ya manispaa na bwana afya wa kata akaja kuona, jambo ambalo lingepaswa kufanyika kabla ya koleo la kwanza. Wanaosoma wakiwa na viwanja vya karibu zaidi na maji wakumbuke pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka mpaka wa mita 60 kutoka ufukweni kwa shughuli za kudumu.

Kazi ilivyofanyika

Tulihamisha choo na bafu hadi pembe ya mbele, mbali na ukuta wa kilima na karibu na dirisha. Mtaro ndani ya chumba ukawa mfupi, mita 3.2 tu hadi kwenye tanki. Bomba la inchi 4 tuliliteremsha sentimita 2.5 kwa kila mita, jumla sentimita 8: lilianza sentimita 37 chini ya jamvi na kuingia kwenye tanki sentimita 45 chini ya jamvi. Kuna mafundi wanaopenda kuliinamisha zaidi wakidhani maji yatakimbia vizuri. Yakikimbia mno huacha kigumu nyuma. Mteremko wa kiasi hubeba vyote pamoja.

Tanki ni la plastiki nene, duara, upana sentimita 60, chini yake iko mita 1.20 kutoka usawa wa ua. Yaani lilikaa sentimita 40 juu ya maji ya Septemba. Bamvua la karibu na siku ambazo usiku na mchana hulingana, Septemba na Machi, huwa kubwa kuliko mengine ya mwaka, kwa hiyo nilijua nimepima katika msimu mgumu. Hata hivyo Septemba huku kwetu ni kiangazi, na ardhi inaweza kuwa na maji zaidi baada ya masika. Tulimwaga zege kuzunguka kitako cha tanki, likashika mabega ya plastiki. Fundi aliniuliza kama ni lazima, maana ni mifuko miwili ya saruji. Nikamwambia habari ya tanki lililonyanyuka.

Ndani ya tanki hesabu ilikwenda hivi. Pampu haitakiwi kukauka, kwa hiyo sentimita 25 za chini hubaki na maji daima. Boya linaiwasha maji yakifika sentimita 45. Kila mara inasukuma lita 57 hivi, chini ya dakika moja. Kutoka pale boya linapowasha hadi kwenye mdomo wa bomba kuna nafasi ya karibu lita 140, na hiyo ndiyo akiba ya siku umeme ukikatika. Tulikaa na bibi tukahesabu: choo mara sita kwa kopo kubwa la lita 6 ni lita 36, kuoga mara mbili kwa ndoo ya lita 20 ni lita 40, udhu wa sala tano lita 15 hivi. Jumla lita 91. Umeme ukikatika siku nzima, choo bado kinatumika. Bibi alifurahi sana kuona udhu wake umewekwa kwenye hesabu, na mimi nilijifunza kuuliza.

Bomba la kupandishia ni la inchi 2. Kutoka kwenye pampu hadi mahali pa juu kabisa ni mita 3.65, ukijumlisha msuguano wa bomba inafika kama mita 4.7, nasi tulichukua pampu yenye uwezo wa kupandisha mita 8. Juu ya pampu pana vali ya njia moja ili maji yaliyopanda yasirudi. Bomba likishafika juu linateremka lenyewe hadi kwenye chemba.

Bomba la hewa lilinipotezea muda wa kubishana, na ningebishana tena. Fundi alitaka kuliishia chini ya dirisha la juu ili kuokoa mita tatu za bomba. Tanki la maji taka lililofungwa hukusanya hewa yenye harufu ya yai viza, na hewa hiyo inaua. Kila mara tunasikia habari ya mtu aliyeingia karoni, na wa pili aliyemfuata kumwokoa, wote wakatolewa maiti. Harufu isikudanganye: hewa ikiwa nyingi pua huacha kuinusa. Bomba lilipelekwa hadi juu ya paa, wavu mdomoni. Na tanki lilijengwa dogo makusudi, lenye kifuniko cha kufungua kwa bolti, pampu inatolewa kwa mnyororo, ili pasiwepo siku mtu atakapoambiwa ashuke ndani.

Umeme wa pampu umepita kwenye kikata umeme cha miliampia 30, kile kinachokata kabla mtu hajadhurika, na tukazika nondo mpya ya athi, ya kupeleka umeme unaovuja ardhini, kwa sababu ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu. Hewa ya chumvi haiachi chuma. Soketi iko nje ya chumba, juu, ndani ya boksi la plastiki. Kengele ndogo inalia maji yakipita kiwango.

Ukuta unaotoa jasho

Ukuta wa nyuma ulikuwa na vimbe za rangi na unga mweupe kama chumvi ya mezani. Mwaka mmoja nyuma uliwahi kupigwa lipu ya saruji na rangi ya mafuta ili "usipitishe maji". Mawe ya matumbawe na chokaa hupumua: unyevu huingia upande wa kilima na kutoka upande wa chumba. Ukiuziba kwa saruji, unyevu haukomi, unatafuta njia nyingine, unapanda juu, unasukuma lipu nje pamoja na chumvi.

Tulibandua lipu ile yote, tukaacha ukuta upumzike wiki kadhaa, kisha tukapiga chokaa. Huko juu, nyuma ya nyumba, maji ya paa yalikuwa yakimwagika moja kwa moja nyuma ya ukuta huu. Mfereji wa bati na bomba la kuyapeleka pembeni uligharimu kidogo kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii, na naamini ndio ulioupunguzia ukuta mzigo kuliko yote. Ukuta bado unatoa jasho kidogo. Utaendelea, umezikwa kilimani. Ndiyo maana hakuna bomba wala marumaru juu yake, na juu ya dirisha la bafu tuliweka tofali za matundu zisizofungwa.

Mengine yalikwenda haraka: choo cha kukaa, vishikio viwili vya bomba lisiloshika kutu vilivyofungwa kwenye tofali na si kwenye lipu, benchi ya zege ya kuogea, marumaru ya kukwaruza, mlango unaofunguka nje ili mtu akianguka ndani asiuzibe. Hakuna kizingiti.

Bei ya pampu na vifaa vyake ilifika karibu nusu ya gharama yote. Tulisubiri malipo ya kwanza ya korosho ndipo ikaagizwa kutoka Dar es Salaam, na ilifungwa wiki ya mwisho ya Novemba, mawingu yameshatanda.

Harusi ya Desemba

Wiki ya tatu ya matumizi palikuwa na harusi nyumbani. Wanawake wengi walilala chini kwa bibi, choo kikatumika na watu 20. Usiku kengele ikalia. Pampu ilikuwa inanguruma bila kusukuma.

Mtu alikuwa ametupa kitambaa. Kilishikwa kwenye vali ya njia moja. Hapo ndipo kosa langu lilipoonekana: sikuweka koki ya kufunga juu ya vali, wala kiungio cha kufungua kwa mkono. Fundi ilibidi akate bomba kwa msumeno, na maji yaliyosimama kwenye bomba la kupanda, lita kama 6 za maji taka, yakamwagika mbele ya mlango wa bibi huku wageni wako barazani. Aliona aibu, nami niliona zaidi. Koki na kiungio vingegharimu kiasi kisichofika hata bei ya kuku mmoja. Viliwekwa asubuhi yake. Tangu hapo pana ndoo yenye kifuniko kando ya choo, na binti wa nyumba ndiye anayewaeleza wageni. Sikupenda wazo la bango ukutani, na bibi hakulipenda pia.

Baada ya hapo palikuwa na harufu kidogo mwezi Februari. Ilikuwa mtego wa maji wa sakafu ya bafu, ule wenye maji ya kina cha sentimita 5 yanayozuia hewa ya bomba isirudi chumbani. Bibi alisafiri Lindi kwa wiki tatu, maji yakakauka. Kopo moja la maji likatosha.

Machi

Lile shimo la kwanza hatukulifukia kwa udongo mtupu. Tulisimamisha bomba la inchi 2 lililotobolewa matundu hadi chini, tukajaza mawe na kokoto kulizunguka, udongo juu. Ni dirisha la kuchungulia maji ya ardhini. Mjukuu ana ufito wenye alama, anautumbukiza siku za bamvua na kuandika kwenye daftari.

Mwishoni mwa Machi, mvua ikiwa imenyesha wiki nzima na bamvua kubwa likiwa limefika, alinipigia simu jioni. Ufito ulilowa hadi mita 1.05 kutoka usawa wa ua. Maji yalikuwa yamepanda sentimita 55 juu ya yale ya Septemba, na sentimita 15 za chini za tanki letu zilikuwa zimezama. Kwa siku ile, pampu na maji yanayobaki ndani vingeweza kulishikilia tanki hata bila zege. Lakini kesho yake ndiyo ilikuwa siku iliyopangwa ya kulimwaga lote na kulisafisha.

Nikamwambia aahirishe hadi maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, ingawa zege lipo. Kisha nikamuuliza kisima cha jirani kikoje. Alikuwa ameshapita huko. Maji yake yamepanda pia, akasema, na wanawake walikuwa wanateka kama kawaida.